Kukokotoa dozi ya mtoto, mtu mzima na mzee: ninavyofanya kwenye dirisha la dawa

Mwezi uliopita nilikaa siku tatu na mfamasia wa mafunzo kwa vitendo kwenye dirisha la dawa hapa Moshi, nikaona kwamba hesabu zenyewe hazimsumbui hata kidogo. Kilichomsumbua ni kujua namba aliyoishika ni ya nini: ya miligramu au ya mililita, ya dozi moja au ya siku nzima. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili yake na kwa wenzake wanaoanza kazi. Kuzidisha na kugawanya ninachukulia kwamba mnajua.

Vifaa ni mzani, kikokotoo cha kawaida cha mezani, daftari na kalamu. Programu za simu za kukokotoa dozi sizipendi, kwa sababu hukupa jibu bila kukuonyesha ulipokosea, ilhali kwenye daftari kosa linabaki limeandikwa na mwenzako anaweza kuliona. Kila namba iandikwe na kipimo chake mbele yake, hata kama unaona ni kazi bure.

Hatua ya 1: Pima uzito mwenyewe

Usikubali uzito wa kuambiwa. Mama atakujibu kwamba kliniki walisema kilo kumi na mbili, na ukiuliza ilikuwa lini utasikia ni kabla ya mvua za masika. Miezi ya Juni na Julai watoto wanaoshuka kutoka Kibosho na Marangu huja wamevalishwa masweta mawili, kofia ya sufu na viatu vizito. Nilimpima mmoja akiwa hivyo, mzani ukasoma kilo 15.3, alipovuliwa akabaki na kilo 14.5. Tofauti hiyo inaonekana ndogo mpaka ufike hatua ya 4.

Mtoto asiyetaka kusimama kwenye mzani, mpime mama akiwa amembeba, kisha mpime mama peke yake, utoe. Mzani ukikosekana kabisa, kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 10 chukua umri kwa miaka, ongeza 4, zidisha kwa 2. Wa miaka 3 atakuwa na kilo 14 hivi. Andika neno "makadirio" kando ya namba hiyo, ili asiyekuwepo asidhani ulipima.

Hatua ya 2: Dozi moja au siku nzima

Kitabu kimoja kitasema amoksilini ya nimonia ya mtoto ni miligramu 80 kwa kila kilo kwa siku, kikigawanya mara mbili. Kingine kitasema miligramu 40 kwa kila kilo, mara mbili kwa siku. Vyote vinasema jambo lilelile, lakini anayesoma 80 na kuitoa asubuhi na jioni ametoa maradufu. Pigia mstari maneno "kwa siku" au "kwa dozi" kabla ya kugusa kikokotoo.

Hatua ya 3: Kutoka miligramu hadi mililita

Chukua mtoto wa kilo 11 mwenye homa. Parasetamo ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo kwa dozi, kwa hiyo ukitumia 15 anapata miligramu 165. Chupa imeandikwa miligramu 120 katika mililita 5. Gawanya 165 kwa 120, zidisha kwa 5, utapata mililita 6.9. Mimi hushuka hadi 6.5, ambayo ni miligramu 156, kwa sababu sipendi kuvuka kikomo cha juu kwa ajili ya namba nzuri.

Sasa geuza chupa na usome tena. Zipo pia chupa za miligramu 250 katika mililita 5, na mililita 6.5 za chupa hiyo zinabeba miligramu 325, karibu 30 kwa kila kilo ya mtoto huyo. Ndiyo maana cheti kilichoandikwa "mililita 5 mara tatu" bila nguvu ya dawa hukirudisha kwa aliyekiandika, hata foleni ikinung'unika.

Hatua ya 4: Mseto wa malaria

Hapa hakuna hesabu, kuna jedwali. Kidonge cha artemeta miligramu 20 na lumefantrini miligramu 120 hutolewa, kwa kila dozi, kimoja kwa kilo 5 hadi chini ya 15, viwili kwa 15 hadi chini ya 25, vitatu kwa 25 hadi chini ya 35, na vinne kuanzia 35. Dozi ya pili ni saa 8 baada ya ya kwanza, ya tatu ni saa 24 baada ya ya kwanza, kisha kila saa 12 mpaka zitimie sita. Mtoto wa masweta mawili angeondoka na vidonge viwili badala ya kimoja.

Hatua ya 5: Mzee na figo zake

Hatua hii iliwahi kunilia jioni nzima, kwa hiyo mtanivumilia.

Dawa nyingi hutoka mwilini kupitia figo, na figo huchoka na umri. Kukadiria uwezo wake ninatumia kanuni ya Cockcroft na Gault ya mwaka 1976: toa umri kwenye 140, zidisha kwa uzito wa kilo, kisha gawanya kwa zao la 72 na kreatinini ya damu, yaani taka ya mwili ambayo figo huichuja. Kwa mwanamke zidisha jibu kwa 0.85. Unapata mililita kwa dakika.

Nilipokuwa mafunzoni alikuja bibi wa miaka 76, kilo 52, ameandikiwa metformini, dawa ya kisukari, gramu 1 mara mbili kwa siku. Nilimwamkia, akanikabidhi karatasi ya maabara iliyokunjwa mara nne ndani ya leso. Kreatinini ilikuwa 168, bila kipimo. Niliiingiza, nikapata mililita 0.23 kwa dakika, jibu la mtu ambaye asingekuwa amesimama mbele yangu akinidai chenji yake. Nilirudia hesabu mara sita, nikabadilisha betri za kikokotoo, nikashuku kanuni.

Kanuni ilikuwa sawa. Namba 72 hutaka kreatinini ya miligramu kwa desilita, na maabara ile ilipima kwa mikromoli kwa lita. Gawanya 168 kwa 88.4, utapata 1.9, na uwezo wa figo unakuwa mililita 21 hivi kwa dakika. Chini ya 30 metformini haitumiki. Tulimpigia daktari, akaiondoa. Tangu siku hiyo, namba ya kreatinini iliyo katika makumi au mamia naichukulia kuwa ni mikromoli, na iliyo na nukta karibu na 1 ni miligramu, kisha naipigia maabara kuthibitisha.

Zipo tahadhari nyingine. Kreatinini inatokana na misuli, kwa hiyo mzee aliyekonda anaweza kuwa na namba ya kupendeza na figo dhaifu: bibi wa miaka 82, kilo 40, kreatinini 1.0, anatoka na mililita 27. Mtu mnene sana, ukitumia uzito wake wote, utamkadiria juu kuliko hali yake. Kwa mtoto na kwa mjamzito kanuni hii haifai. Mgonjwa ambaye figo zimeanza kufeli jana, kreatinini yake haijapanda vya kutosha kukuambia ukweli. Na ikiwa maabara imekuandikia makadirio ya uwezo wa figo yaliyolinganishwa na mita za mraba 1.73 za mwili, hiyo ni namba nyingine. Usiichanganye na yako katika mstari mmoja.

Hatua ya 6: Bomba, si kijiko

Vijiko vya chai vya nyumbani havilingani, nami sivitaji kabisa. Mpe mama bomba la mililita 10 lisilo na sindano, chora mstari wa kalamu kwenye 6.5, kisha mwombe avute maji mbele yako. Akipita mstari, mwageni maji hayo, avute tena.