Kufyatua kamera kwa kuchelewesha: saketi ya 555 mbili

Mpwa wangu alitaka picha ya ndimu inavyotumbukia kwenye glasi ya maji. Ndimu ikidondoka kutoka sentimita 30 hufika majini kwa robo sekunde hivi, na kidole hakiwezi kupatia muda huo kila mara. Tukaiweka ndimu juu ya kibao chenye bawaba: ukivuta uzi, kibao kinafunguka na kugusa kigusio cha karatasi ya alumini. Kigusio ndicho kinachoanzisha saketi. Wengi hukimbilia Arduino, kibodi kidogo cha kompyuta kinachoandikiwa programu. Kwa kazi hii nabaki na 555, aisi (chipu) ya kupima muda, maana kubadili muda ni kuzungusha volyumu (rezista ya kuzungusha) tu.

1. Kwenye kila aisi, mguu wa 1 uende hasi, wa 4 na wa 8 chanya ya betri ya volti 9. Unganisha wa 6 na wa 7. Mguu wa 5 uende hasi kupitia kapasita ya nanofaradi 10.

2. Aisi ya kwanza ndiyo inayochelewesha. Kutoka chanya hadi miguu ya 6 na 7 weka rezista ya kiloomu 1 ikifuatana na volyumu ya kiloomu 100, na kutoka hapo hadi hasi kapasita ya mikrofaradi 4.7. Muda ni 1.1 × R × C, yaani karibu milisekunde 5 hadi nusu sekunde.

3. Aisi ya pili hubonyeza kamera: mahali pale pale weka kiloomu 22 na mikrofaradi 10, robo sekunde.

4. Mguu wa 2. Hapa tulipoteza saa nne. 555 huanza kuhesabu volteji ya mguu huu ikishuka chini ya theluthi ya betri, lakini haimalizi ikiwa mguu bado uko chini. Kibao chetu kilibaki kimegusa kigusio, kwa hiyo kamera haikufyatuka kabisa. Nilibadilisha aisi mbili nikidhani zimeungua.

Dawa ni kuugusa mguu kwa kitambo kidogo tu. Weka kapasita ya nanofaradi 10 kati ya kigusio na mguu wa 2, na rezista ya kiloomu 10 kutoka kila upande wa kapasita hiyo kwenda chanya. Sambamba na rezista ya upande wa aisi weka dayodi ya 1N4148, mstari wake ukielekea chanya, isije volteji ikaruka juu ya betri. Upande mwingine wa kigusio uende hasi.

Fanya hivyo hivyo kati ya mguu wa 3 (unaotoa ishara) wa aisi ya kwanza na wa 2 wa aisi ya pili, ila hapo rezista na dayodi ni za upande wa aisi ya pili tu. Ukiunganisha kwa waya mtupu, kamera itabanwa tangu unapowasha betri.

Jambo jingine: unaporudisha kibao, kigusio hutetemeka na kinaweza kufyatua. Chomoa jeki ya kamera kwanza.

5. Usiunganishe kamera moja kwa moja. Tumia optokapla ya PC817 (hupitisha ishara kwa mwanga, bila waya kugusana), hupatikana kwenye chaja mbovu za simu. Mguu wa 3 wa aisi ya pili, omu 470, mguu wa 1 wa optokapla. Wa 2 hasi. Kwa Canon zenye jeki ya milimita 2.5, mguu wa 4 uende kwenye ncha, wa 3 kwenye shina. Pete ya katikati iunganishe na shina kwa swichi ndogo ili kamera ikae macho.

6. Fokasi iwe ya mkono. Anza na muda mfupi, kwa kuwa kamera nayo huchelewa kidogo, kisha ongeza taratibu. Kila ukipata mkao mzuri, weka alama kwa kalamu kwenye volyumu. Yetu ina tatu: ndimu inagusa maji, imezama nusu, maji yanaruka.