Kujenga mji wa pwani katika Blender: modeli za mtandaoni, vipimo vya Lamu

Ukiandika "coastal town" kwenye maktaba yoyote ya modeli za 3D, utaletewa mapaa ya vigae vyekundu na ngazi nyeupe za Ugiriki. Ukiandika "Arab house", zitakuja kuta za udongo za jangwani. Mji wa Waswahili haumo, au umo vipande vipande: mlango hapa, jahazi kule, mnazi wenye majani yanayong'aa kupita kiasi. Mwongozo huu unahusu kuvikusanya vipande hivyo na kuvirekebisha mpaka vikae katika ukingo wa maji wa mji wa Lamu, mji ulioingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Nitatumia Blender, programu ya bure inayofanya kazi hata kwenye kompyuta ya wastani.

Ninachokishikilia katika kazi hii ni kwamba vipimo hutangulia mapambo. Ukibandika mlango wa nakshi kwenye nyumba yenye vipimo vya Ugiriki, jicho la mtu wa pwani litaikataa hata kama mwenyewe hawezi kusema kwa nini.

Hatua ya 1: Weka kamera kabla ya kupakua chochote

Amua mtazamaji atasimama wapi. Katika mfano wetu yuko ndani ya mashua, mita 40 hivi kutoka gatini, anatazama magharibi. Anaona maji, ukuta wa ufukwe, nyumba sita au saba, na mdomo wa kichochoro kimoja. Nyumba za nyuma zinaonekana mapaa tu. Uamuzi huu peke yake unakuondolea nusu ya kazi, kwa sababu sasa unajua ni modeli zipi zitaonekana kwa karibu na zipi zitabaki umbo la mbali.

Kisha weka boksi lenye urefu wa mita 1.7 na uliite "Mtu". Blender hupima kwa mita tangu mwanzo, hivyo usibadilishe mpangilio. Boksi hilo lisimame kwenye mandhari mpaka siku ya mwisho.

Hatua ya 2: Ramani ya chini

Nyongeza ya Blosm huingiza data ya OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, moja kwa moja ndani ya Blender, na kila nyumba huja kama boksi. Yachukulie maboksi hayo kuwa mipaka ya viwanja tu. Mara nyingi urefu wa nyumba haukuandikwa kwenye ramani, na programu inakisia. Nyumba nyingi za mawe za Lamu zina ghorofa moja au mbili juu ya ile ya chini. Kadiria mita 3 hadi 3.5 kwa kila ghorofa, na usizilinganishe zote. Ngome ya Lamu, iliyojengwa kati ya 1813 na 1821, ndiyo alama nzuri ya kuhakikisha ramani imekaa sawa: bahari iwe mashariki yake.

Data ya mwinuko ya SRTM ina nukta moja kila mita 30 hivi. Kwa mji ambao kichochoro chake kinaweza kuwa na upana wa mita mbili, au hata chini ya hapo, hiyo haisaidii kitu. Mji unapanda taratibu kutoka majini kwenda ndani, basi uchore mteremko huo kwa mkono.

Hatua ya 3: Tafuta kipande, usitafute mji

Maktaba hizi zimeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo itakubidi utafute kwa Kiingereza. Maneno yanayoleta vitu vya maana ni yale madogo: "plaster wall", "wooden pole", "dhow", "donkey", "carved door", "coral rock", "rowing boat". Ukipewa chaguo la faili, chukua GLB, kwani tekscha zake (picha zinazofunika uso wa modeli) huwa ndani ya faili lenyewe na hazipotei njiani.

Leseni zisomwe kabla ya kupakua. Kila kilichoko kwenye maktaba za Poly Haven na ambientCG kina leseni ya Creative Commons iitwayo CC0: chukua, badilisha, hata uza. Maktaba ya Sketchfab imechanganya leseni, kwa hiyo chuja zile zinazopakulika kisha soma moja moja. CC BY inakutaka umtaje mtengenezaji. CC BY-NC inakuzuia kuitumia kibiashara. Ya kuogopwa kwetu ni CC BY-ND, maana hairuhusu kusambaza kitu ulichokibadilisha, na sisi tutabadilisha karibu kila kitu. Modeli zilizong'olewa kwenye michezo ya kompyuta ziache, hata kama aliyezipandisha ameandika CC BY. Haki hiyo haikuwa yake kuigawa.

Fungua lahajedwali siku hiyohiyo. Andika jina la modeli, mtengenezaji, kiungo, leseni na tarehe uliyopakua. Data ya OpenStreetMap nayo iingie humo, kwa sababu leseni yake ya ODbL inataka washiriki wake watajwe.

Hatua ya 4: Ukaguzi kwenye faili tupu

Kila modeli iingie kwanza kwenye faili tupu, mbali na mandhari yenyewe. Bonyeza N usome vipimo. Modeli za FBX, aina nyingine ya faili, mara nyingi huja zikiwa kubwa mara 100, kwa kuwa zilitengenezwa kwa sentimita. Punda awe na urefu wa karibu mita moja begani. Ukishapata ukubwa sahihi, bonyeza Ctrl+A uchague Scale. Usipofanya hivyo, unene wa kuta na mviringo wa kona utakaoongeza baadaye vitapotoka, kwani programu bado inaukumbuka ukubwa wa zamani.

Washa Statistics uone idadi ya poligoni. Ndoo yenye poligoni 200,000 haina nafasi katika picha ya mji mzima. Washa pia Face Orientation: sehemu nyekundu zimegeuka ndani nje, na Shift+N kwenye hali ya kuhariri (Edit Mode) huzirudisha.

Hatua ya 5: Boriti ndiyo rula

Hapa ndipo mji unapopatikana au kupotea. Nyumba ya Lamu imejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari yake imebebwa na boriti za mikoko. Boriti ina unene wa sentimita 11 hadi 14 hivi, na juu yake hulazwa mawe na chokaa, mzigo mzito. Haiwezi kuvuka nafasi kubwa chini ya mzigo huo. Ndiyo maana vyumba vya kale vina upana wa ndani wa mita 2.5 hadi 3, huku urefu wake ukinyooshwa kadiri kiwanja kinavyoruhusu. Nyumba inakuwa safu za vyumba virefu vyembamba vilivyopangwa sambamba, misana (ndivyo vyumba hivyo huitwa) ikifuatana mpaka ndani kabisa.

Kwa hiyo chukua kipimo cha mita 2.8 kwa chumba na nusu mita kwa ukuta. Nyumba ya safu tatu itakuwa na kina cha mita 10.4: vyumba vitatu na kuta nne. Chora gridi kwa kipimo hicho, kisha lete modeli uliyoazima juu yake.

Usiivute modeli nzima kwa kitufe cha S mpaka itoshe, kwa sababu madirisha na milango yatavutika nayo. Ingia kwenye hali ya kuhariri, chagua nukta za upande mmoja, uzisogeze kwa kitufe cha G mpaka ukuta ufike kwenye mstari wa gridi. Futa paa la vigae lote. Weka sakafu bapa juu na ukuta mfupi wa kuzunguka, na kama nyumba ni ya siku hizi jenga paa la makuti juu ya nguzo, maana mapaa hayo ni sehemu ya mji unavyoonekana leo. Kuta zipe unene wa nusu mita kwa modifaya ya Solidify. Unene huo unaonekana pale dirisha linapokaa ndani sana ya ukuta na kutupa kivuli, na bila kivuli hicho nyumba itaonekana ya karatasi.

Sasa tofautisha nyumba za mbele na za ndani. Safu inayotazama maji ina nyumba nyingi zenye veranda, nguzo na roshani za mbao. Hapo modeli za Bahari ya Kati zina faida, kwani matao na nguzo zao hurekebishika vizuri. Lakini kichochoro kikianza, kuta hufunga. Ziba madirisha ya chini karibu yote, acha machache madogo ya juu. Mlangoni chonga daka, kile kibaraza kilichoingia ndani ya ukuta chenye viti vya mawe pande zote mbili. Ukitaka mdomo wa kichochoro uvute jicho, jenga wikio juu yake, yaani chumba kinachovuka njia kutoka nyumba moja hadi nyingine.

Boriti zitaonekana chini ya wikio na dakani tu, hivyo usizipange nyumba nzima. Tengeneza tatu zenye mikunjo tofauti, zirudie kwa umbali wa sentimita 30 hivi, kisha zungusha kila moja kidogo. Mkoko haunyooki kama bomba, na safu ya boriti zinazofanana hujisaliti mara moja.

Hatua ya 6: Mlango

Mlango wa tao wenye vichwa vikubwa vya shaba, ambao ndio unaopatikana kwa wingi mtandaoni, ni wa mtindo wa Kihindi unaojulikana sana Mji Mkongwe wa Zanzibar. Kwa Lamu anza na fremu ya mstatili: mbao mbili za mlango, mfaa (ubao wima wa kati) katikati, na kizingiti cha juu chenye nakshi. Modeli ya tao bado inafaa. Ikate juu ya mstari wa mbao, ondoa vichwa vya shaba, ubaki na mbao na mfaa.

Nakshi usizibebe kama poligoni. Weka mlango mzito wenye nakshi na mlango mwepesi bapa mahali pamoja, chagua mzito kisha mwepesi, nenda Cycles (injini ya Blender ya kukokotoa mwanga), sehemu ya Bake, chagua Normal na Selected to Active. Nakshi zitahamia kwenye picha moja, na taa itazisoma kana kwamba zimechongwa.

Hatua ya 7: Chokaa

Chokaa nyeupe kabisa huua picha. Punguza weupe mpaka 0.8 au chini yake, ili ukuta uweze kuonyesha mwanga na kivuli. Kona zipe mviringo mdogo kwa Bevel, kisha gawanya kuta na uzitikise kwa Displace sentimita moja au mbili tu. Chokaa ya mkono haina uso wa kioo.

Madoa yafuate sababu. Unyevu wenye chumvi hupanda kutoka ardhini, kwa hiyo plasta hubanduka na kuchafuka zaidi katika mita ya kwanza. Weusi wa ukungu huanzia juu, chini ya ukingo wa paa na penye mabomba ya maji ya mvua. Tengeneza barakoa inayofuata urefu wa ukuta, ichanganye na kelele kidogo, na iachie tekscha ya jiwe la matumbawe ionekane pale plasta ilipotoka. Kuta za nyuma ziache bila plasta kabisa.

Hatua ya 8: Vyombo na maji

"Dhow" hukuletea vyombo vya pwani tofauti kwa jina moja. Modeli iliyochongoka omo (mbele) na pia tezi (nyuma) ni ya nchi za Ghuba. Jahazi na mashua zina tezi bapa, na jahazi la Lamu lina omo iliyosimama karibu wima. Mlingoti huinamia mbele, foromali (mti unaobeba tanga) huning'inia kwake kwa mshazari. Kata tezi ya modeli ya Ghuba, ifunge kwa ubao bapa, sogeza nukta za omo mpaka zisimame. Chombo kilichotia nanga hakina tanga lililojaa upepo. Lifunge kwenye foromali. Na vyombo vyote vilivyotia nanga vielekeze omo upande mmoja, kwa sababu mkondo na upepo huvigeuza pamoja.

Bahari usiifanye ya mawimbi. Mji uko kwenye mlango wa bahari uliokingwa na kisiwa cha Manda, basi modifaya ya Ocean iwe na mawimbi madogo sana. Kinachotakiwa ni saa ya maji. Wakati wa bamvu (maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo), tofauti ya maji kujaa na kupwa hufika karibu mita 3. Chagua kimo kimoja, kisha paka ukuta wa ufukwe utepe mweusi wenye mwani mpaka kimo cha maji kujaa. Maji yakiwa yamepwa, weka tope na mashua zilizolala ubavu.

Hatua ya 9: Jua

Kwenye nyongeza ya Sun Position andika latitudo -2.27, longitudo 40.90, saa UTC+3. Mji unatazama mashariki, hivyo asubuhi ndiyo saa yake: saa mbili jua linapiga kuta za mbele moja kwa moja na kichochoro kinabaki na kivuli cha buluu. Alasiri mbele yote hufifia. Picha ya anga unayoazima Poly Haven ichunguzwe jua lake liko wapi; likipingana na lako, chagua yenye mawingu au izungushe mpaka yapatane. Ndani ya kichochoro mwanga hufika kwa kurukaruka ukutani, kwa hiyo tumia Cycles na usipunguze idadi ya miruko ya mwanga.

Hatua ya 10: Punguza mzigo, kisha taja majina

Tekscha ya 4K hukalia megabaiti 64 kwenye kumbukumbu kabla ya kubanwa. Ya 1K hukalia 4. Kila kilicho mbali zaidi ya safu ya kwanza kishushe hadi 1K. Rudia nyumba na boriti kwa Alt+D badala ya Shift+D, ili nakala zote zitumie umbo moja. Watu na punda waingie mwisho, wachache, wakiwa na kanzu, kofia, buibui na leso za hapa; mavazi ya Ghuba yabadilishe au uyaache.

Ukimaliza, pakia tekscha zote ndani ya faili kupitia File, External Data, Pack Resources, na uliweke pamoja na lile lahajedwali la Hatua ya 3. Popote utakapoiweka picha, majina ya waliotengeneza modeli za CC BY yaandikwe chini yake, pamoja na washiriki wa OpenStreetMap, na useme kwamba umezibadilisha, kwa kuwa leseni inalitaka hilo pia.