Transiti ya masaa kumi nje ya nchi, usiyamalizie yote kwenye benchi

Kila nikikaa geti pale Terminali 3 JNIA, eapoti ya Dar, nasikia watu wanaulizana, we unakaa masaa mangapi Doha, na mwenzake anajibu kumi na moja kwa unyonge kabisa, kama amepewa adhabu. Mi nasafiri kwa ajili ya mzigo, duka liko Kariakoo, Guangzhou naenda mara mbili tatu kwa mwaka na tiketi ya bei nafuu karibu zote zina transiti ndefu, yani kusubiri ndege ya kuunganisha katikati ya safari. Miaka ya mwanzo nilikuwa najikunja tu kwenye kiti mpaka geti lifunguliwe, nafika China mgongo unauma, miguu imevimba, siku ya kwanza ya soko imeshaharibika. Siku hizi nayapanga yale masaa kama ninavyopanga safari yenyewe. Na nimegundua transiti nzuri inapangwa Dar, siku unakata tiketi. Ukishashuka kwenye ndege ndo unaanza kujiuliza utoke au usitoke, ushachelewa.

Kitu cha kwanza kabisa ni tiketi yenyewe, na hapa naomba unisikilize vizuri maana nimeona mtu wangu wa karibu akilia. Mdogo wangu alikatiwa na wakala mmoja hapa mjini tiketi mbili tofauti, kampuni mbili tofauti, kwa sababu jumla yake ilikuwa rahisi kuliko tiketi moja. Hakuna aliyemwambia kwamba tiketi zikiwa mbili begi linaishia katikati, inabidi uingie nchi ya watu ulichukue ulichekini upya, na kuingia nchi ya watu ni viza. Hakuwa nayo. Akazuiwa hapahapa Dar kwenye kaunta, ndege ikaondoka, hela ikapotea. Kwa hiyo uliza wazi, hii ni bukingi moja mpaka mwisho au ni mbili? Ikiwa moja na ndege ya kwanza ikachelewa, kampuni inawajibika kukutafutia nyingine. Zikiwa mbili, ni juu yako. Alafu pale kaunta wakati wanabandika karatasi kwenye begi, isogelee uisome, kuna herufi tatu kubwa, kama unaenda Guangzhou lazima ziwe CAN, ukiona DOH ya Doha au ADD ya Addis muulize dada wa kaunta hapohapo kabla begi halijaingia kwenye mkanda. Na kile kipande wanachokupa kitunze na pasipoti.

Swala la viza sasa. Kwa pasipoti yetu ya Tanzania, Nairobi na Kigali unatoka nje bila viza, Jumuiya ya Afrika Mashariki hiyo. Doha, Dubai, Istanbul na Amsterdam kutoka nje ya eapoti kunahitaji viza, na masharti yanabadilika kila mara kwa hiyo angalia tovuti rasmi ya nchi husika au uliza kampuni ya ndege yenyewe, usitegemee stori za mtaani. Kukaa tu ndani ya eapoti za hizo nchi nne hakuna shida ukiwa na tiketi moja. Ila Marekani ni habari nyingine, kule hawana kitu kinaitwa kupita tu, hata kama unaunganisha ndege masaa mawili unapita uhamiaji, kwa hiyo viza lazima. Ukiona tiketi ya bei poa inapitia huko piga hesabu ya viza kwanza. Na kadi ya manjano, homa ya manjano, iwe mfukoni muda wote, sio ndani ya begi kubwa.

Kabla hujalipa muulize pia wakala kama kampuni inatoa hoteli. Ethiopian wana utaratibu wa kukulaza hoteli bure Addis kama transiti yako ni ndefu, kuanzia masaa 8 mpaka 24, na hakuna ndege yao ya karibu zaidi ya kuunganisha. Ukichagua mwenyewe ndefu wakati fupi ilikuwepo, hupewi. Emirates nao wana mpango wao Dubai, na Turkish wana matembezi ya bure ya Istanbul wanayaita Touristanbul kwa wenye transiti ya masaa 6 mpaka 24, basi, kiongozi na msosi vyote juu yao, mradi uwe na ruhusa ya kuingia Uturuki. Hivi vitu vipo, lakini watu wengi hawaulizi, wanalala sakafuni kumbe walikuwa na haki ya kitanda.

Haya, masaa. Masaa yaliyoandikwa kwenye tiketi sio masaa yako. Chukua mfano wa Doha, unatua saa kumi na moja alfajiri unaondoka saa kumi jioni, yani masaa 11. Toa saa moja na nusu ya kushuka, kutembea na foleni ya uhamiaji. Toa masaa matatu maana unatakiwa uwe umerudi eapoti saa saba mchana. Toa saa moja ya kwenda na kurudi mjini. Umebaki na masaa matano na nusu, hayo ndo yako kweli. Mi sheria yangu ni kwamba yakibaki chini ya matatu sitoki, nabaki ndani napumzika, sitaki presha. Yakibaki matatu na kuendelea natoka, ila naenda sehemu moja, mbili mwisho. Mtu anayetaka kuona mji mzima kwa masaa matano hauoni, anaishia kuangalia saa.

Doha ndo naipenda zaidi kwa hili kwa sababu treni ya metro inaanzia palepale eapoti, laini nyekundu, safari moja ya daraja la kawaida ni riyali 2 ambayo haifiki shilingi elfu mbili, unashuka Msheireb, ukitaka Souq Waqif, soko lao la zamani, unabadili laini ya dhahabu kituo kimoja tu. Ijumaa asubuhi metro inachelewa kufunguliwa na maduka mengi yamefungwa, kwa hiyo transiti ya Ijumaa ipange kwa mchana. Sokoni kuna mitaa ya viungo, mdalasini, iliki, zafarani, unasikia harufu ya soko la Darajani Zanzibar kabisa, kuna sehemu ya mwewe wa kuwindia wamekaa kwenye vijiti wamefunikwa macho, na chai ya karak ambayo ukiionja ni chai yetu ya maziwa yenye iliki, imekolea tu. Ukitoka hapo ukashuka baharini unakuta majahazi yamefungwa, ng'ambo maghorofa, na kwa miguu unafika makumbusho ya sanaa ya Kiislamu, lile jengo jeupe juu ya maji lililofunguliwa 2008.

Ila sehemu ninayomwambia kila mtu wa pwani aende ni nyumba ya Bin Jelmood, iko palepale Msheireb, dakika chache kutoka kituo cha metro, ni moja ya makumbusho ya Msheireb. Ni nyumba ya zamani ya ua katikati, na ndani yake wanaeleza historia ya utumwa kwenye Bahari ya Hindi, bila kuficha kwamba hata Qatar ulikuwepo mpaka ulipofutwa 1952. Mi nimekulia Bagamoyo. Nimepita mara ngapi pale mjini bila kuwaza, nimesikia stori za misafara toka niko mdogo, lakini sikuwahi kukaa nikafikiria wale watu walishukia wapi. Siku ile nilisimama pale ndani na begi langu dogo mgongoni, nje jua kali, ndani kimya na ubaridi, nikajikuta nimesimama tu muda mrefu. Mtu alivuka bahari ileile niliyoivuka mimi usiku kwa masaa kama sita nimekaa kwenye kiti. Nilitoka nikakaa kwenye kivuli nikampigia mama. Angalia tu siku na masaa ya kufungua kabla hujaenda, yanabadilika.

Addis ni tofauti. Kwanza baridi, mji uko juu zaidi ya mita 2,300, mtu wa Dar ukishuka na fulana utatetemeka, sweta iwe begi la mkononi maana begi kubwa hulioni mpaka mwisho. Ukipewa hoteli na una asubuhi nzima, nenda makumbusho ya taifa ukamwone Lucy, mifupa ya mtu wa kale, wenyewe wanamwita Dinknesh, alipatikana 1974 huko Afar, wa miaka milioni 3.2. Sisi wenye Olduvai na fuvu letu la mtu wa kale Zinjanthropus la 1959 hiyo familia inatuhusu. Alafu kunywa kahawa popote, hata kibaraza cha mtaani wanaichoma mbele yako.

Na kuna kitu kuhusu Addis ambacho Mswahili anakielewa kuliko mtu yeyote. Wahabeshi wanahesabu saa kama sisi. Saa moja yao ni saa moja yetu ya asubuhi. Sasa siku moja mhudumu wa hoteli ananiambia kwa Kiingereza basi la eapoti linatoka saa mbili, wazungu wawili pembeni wakaelewa saa nane mchana wakapanda kulala. Mi nikamuuliza saa mbili hii ya asubuhi? Akasema ndio. Nikapanda nikawagongea mlango. Ila tiketi na skrini za eapoti zinaandika kwa mtindo wa kimataifa, kwa hiyo kila ukitajiwa muda na mtu, uliza ni wa Kihabeshi au wa kwenye tiketi.

Kwa majira yenyewe, Nairobi, Addis, Doha na Istanbul saa ni ileile ya Dar, Dubai wako mbele saa moja, Kigali nyuma saa moja, Amsterdam nyuma saa moja kipindi chao cha joto na mawili kipindi cha baridi. Simu ikiwa imezimwa mtandao haijirekebishi yenyewe, angalia saa ya ukutani ulinganishe.

Nairobi, ukiwa na masaa saba nane ya mchana, mbuga iko karibu kabisa na eapoti, unaona twiga na maghorofa nyuma yake, bila viza. Kwa Dubai, metro inafika Terminali 1 na 3, shuka uende Deira ambako wafanyabiashara wetu wengi wanapajua, vuka mkono wa bahari kwa abra, boti ndogo ya abiria, dirhamu 1. Istanbul eapoti iko mbali, kama kilomita 40 na mji, chini ya masaa tisa kumi mi sishauri kujiendea mwenyewe, bora yale matembezi yao.

Kama hutoki, usikae karibu na maduka ya kelele. Doha kuna bustani ya ndani yenye miti, inaitwa Orchard, na kuna vyumba vya utulivu, tofauti kwa wanaume na wanawake, vyenye viti vya kulaza. Ile teddi kubwa ya njano yenye taa kichwani ni sehemu ya kukutania mkipotezana. Sehemu za kuswalia zipo eapoti zote hizi za kwetu na za Waarabu na Istanbul pia, na ukishanawa ukaswali ukabadili soksi unajisikia mtu mpya. Istanbul waifai ya bure unachukua namba ya kuingilia kwenye mashine kwa kuskani pasipoti, saa moja tu, itumie kwa akili.

Begi la mkononi liwe na mswaki, fulana moja, soksi, dawa zako, sweta, chupa tupu ya maji maana ukaguzi unapita tena katikati na maji watamwaga, utajaza ndani. Achari ya mama, asali, mafuta ya nazi, chochote cha majimaji zaidi ya mililita 100 kiweke begi kubwa, nimeona kopo zima la achari ya embe likitupwa na mama wa watu amesimama anaangalia. Karanga na kashata zinapita. Plagi yetu ya pini tatu bapa inaingia Nairobi, Doha na Dubai, haiingii Addis, Istanbul wala Amsterdam, nunua adapta Kariakoo kwa bei ndogo kabla hujaondoka. Pawabenki inakaa mkononi sio begi kubwa, ya 20,000 mAh iko ndani ya kiwango, ila Emirates tangu Oktoba 2025 hawaruhusu kuitumia ndani ya ndege, kwa hiyo chaji simu eapoti. Na pigia benki yako Dar wafungue kadi kwa matumizi ya nje, usingoje ikakataa ukiwa na njaa.

Ukilala, weka alamu mbili, ya pili kwenye simu ya mwenzako kama upo na mtu, mkanda wa begi uzungushe mguuni, pasipoti iwe mfuko wa mbele wenye zipu. Lala karibu na skrini. Geti lililoandikwa kwenye bodingi pasi uliyochapiwa Dar linaweza kuwa limeshabadilika mara mbili wakati umelala, kwa hiyo ukiamka tu, kabla ya choo, kabla ya chai, nenda kwenye skrini usome geti jipya na dakika za kutembea mpaka pale.