Namna ya Kumchagua Fundi wa Stima, kwa Sisi Tunaoishi Karibu na Bahari

Mwezi uliopita shangazi yangu alinipigia simu kutoka Malindi. Mafundi wawili walikuwa wamemkadiria bei ya kubadilisha nyaya za nyumba nzima, mmoja akitaka karibu nusu ya alichotaka mwenzake, naye akaniuliza, "Mwanangu, mimi stima naijua kwa kununua tokeni tu. Fundi wa kweli nitamjuaje?" Mimi ni fundi wa stima hapa Lamu, na kwa kuwa sikuweza kuiacha kazi niliyokuwa nayo nikaenda kumfanyia yeye, tulizungumza kwa simu siku tatu mfululizo. Yafuatayo ndiyo niliyomweleza, pamoja na machache niliyoyakumbuka baadaye.

Hatua ya 1: Iangalie leseni kabla ya kuzungumza bei

Nchini Kenya, anayefunga stima majumbani anatakiwa awe amesajiliwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli, ambayo wengi wetu tunaiita EPRA. Leseni zake zina madaraja, kuanzia A hadi C, na kila daraja lina mipaka ya kazi linazoruhusu. Kwa hiyo usitosheke na kusikia "ninayo leseni". Soma daraja, soma tarehe ya kuisha, kisha linganisha jina na kitambulisho cha aliyesimama mbele yako, maana leseni ya kuazima si jambo geni, na majina ya waliosajiliwa unaweza kuyatafuta kwenye tovuti ya mamlaka hiyo. Ikiwa unataka kuwekewa sola, fahamu kwamba leseni yake ni nyingine kabisa: kanuni za mwaka 2012 ziliigawa katika madaraja ya T1, T2 na T3.

Hatua ya 2: Uliza ni nani atakayeshika koleo

Mara nyingi mwenye leseni huja siku ya makubaliano na siku ya malipo, na kazi yote ikafanywa na vijana wake. Hakuna ubaya wa kufundisha vijana, nami nilifundishwa hivyo hivyo, lakini mwenye leseni awepo wakati wa kufunga boksi la brekeri na wakati wa kupima.

Hatua ya 3: Makadirio yawe ya maandishi, yataje unene wa waya

Karatasi inayosema "waya na soketi, jumla kadhaa" haina maana. Kwa kawaida taa hutumia waya wa milimita mraba 1.5, soketi 2.5, na hita ya papo kwa papo ya bafuni hutaka waya mnene zaidi, kwa kuwa hita ya wati 5,400 huvuta takriban ampea 22. Bei nusu aliyopewa shangazi ilitokana na hapo: waya wa 1.5 kila mahali. Mwambie fundi akupe kipande cha waya anaokusudia kutumia, ukikwangue kwa kisu. Shaba hubaki nyekundu hadi ndani, na ukiona weupe chini ya wekundu, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba, mrudishie.

Hatua ya 4: Muulize athi ataipimaje

Kama una nafasi ya kuuliza swali moja tu, liwe hili. Athi ni ule waya wa kijani na manjano unaotoka kwenye soketi na vyombo vyenye mwili wa chuma, ukakusanyika kwenye boksi la brekeri, kisha ukashuka hadi kwenye fimbo ya shaba iliyopigiliwa ardhini. Kazi yake haionekani mpaka siku ya hitilafu, na ndiyo sababu kuidanganya ni rahisi.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kwenye nyumba moja Shela ambayo mfereji wa bafuni ulikuwa ukimpiga stima kila anayeoga. Nilianza saa mbili asubuhi. Nikaondoa hita, mfereji ukaendelea kupiga. Nikatenganisha pampu, ukaendelea. Nikafungua soketi moja baada ya nyingine mpaka ikaadhiniwa alasiri. Mwishowe nikafukua mchanga chini ya ukuta wa nje, nikakuta kibano cha athi kimeliwa na chumvi hadi kuwa unga wa kijani, waya na fimbo vimelala kando kwa kando bila kugusana, kama wake wenza walionuniana. Hitilafu yenyewe ilikuwa kwenye friza la jikoni, mbali kabisa na bafu, lakini kwa kuwa athi haikufika ardhini, waya ule uliowekwa kuwalinda watu ndio ulioisambaza stima hadi kwenye mfereji. Nilipoteza siku nzima kwa kuanza mwisho badala ya mwanzo, na tangu hapo kila nyumba naanza na fimbo.

Fundi anayeijua kazi atakwambia kwamba ana mita ya kupimia athi, kwamba atazima stima, atautenganisha waya na fimbo, atachomeka vijiti viwili uani kwa mstari na kukusomea namba ya ukinzani, yaani jinsi ardhi inavyoizuia stima kupita. Fundi wa kwanza wa shangazi alijibu, "Mama, soketi zako zina matundu matatu, kwa hiyo athi ipo." Tundu la tatu huonyesha umbo la soketi tu, nyuma yake huenda pasiwe na waya wowote. Mwingine atatoa testa, ile bisibisi yenye kitaa ndani. Binafsi siipendi hata kuiona: humulika ikigusa waya wenye moto, yaani wenye stima hai, lakini kuhusu athi haina la kusema.

Namba ikiwa kubwa, hesabu yake ni hii. Stima yetu ni volti 240. Fimbo ikiwa na ukinzani wa omu 100, hitilafu itapitisha ampea 2.4 tu, na brekeri ya ampea 20 haitashtuka, wakati mwili wa friza umebeba moto. Kwa hiyo dai pia kile kifaa kinachoitwa RCD, cha miliampea 30, ambacho hukata stima hata uvujaji ukiwa mdogo. Hata hivyo kitufe chake cha kujaribia hukipima kifaa chenyewe, hakiipimi athi. Kitakata vizuri hata kwenye nyumba isiyo na fimbo kabisa.

Huku kwetu mchanga mkavu na mwamba wa matumbawe haupitishi stima vizuri, kwa hiyo fimbo moja fupi huenda isitoshe. Fundi mzuri atapendekeza fimbo ndefu zaidi, au mbili zilizoachana angalau kwa urefu wa fimbo yenyewe, karibu na mahali penye unyevu. Akipima wakati wa masika namba itapendeza; mwombe arudi kupima wakati wa kaskazi, ardhi ikiwa imekauka. Akisema atamwaga chumvi shimoni, mkatalie, kwani chumvi huoshwa na mvua na kabla ya hapo huila shaba. Na akikuunganishia athi na nyutro, yaani waya unaorudisha stima, ndani ya soketi ili mita ya athi ifurahi, mfukuze: siku nyutro ikikatika, kila chombo cha chuma kilicho kwenye soketi hiyo kitabeba moto.

Hatua ya 5: Kwa wenye nyumba za Mji wa Kale wa Lamu

Mji huu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, kwa hiyo pitia ofisi ya Makumbusho kabla ya ukuta kuguswa. Fundi anayeingia na mashine ya kukata kabla ya kuuliza vidaka, vile vishubaka vya ukutani, viko wapi, mpe chai, kisha muage.

Hatua ya 6: Hati, kisha malipo ya mwisho

Bakiza sehemu ya fedha hadi upewe hati ya kukamilika kwa kazi yenye jina na namba ya leseni yake, ambayo Kenya Power huitaka kabla ya kufunga mita mpya. Piga picha za nyaya ukutani kabla ya plasta, na namba ya athi iandikwe kwa kalamu ndani ya mlango wa boksi pamoja na tarehe. Ya shangazi imeandikwa hivyo, na kibano ameagiza kiachwe ndani ya kisanduku chenye kifuniko, ili akiangalie mwenyewe kila mwaka.