Picha ya Ndege na Ubeti Wake: Ninavyofanya Pale Dunga

Ukitaka kupiga picha za ndege hapa Kisumu, nenda Dunga, ufukweni mwa Ziwa Victoria, na ufike kabla jua halijachomoza, saa kumi na mbili na robo hivi. Ukifika saa nne, ziwa linameremeta kama bati jipya, na yangeyange atatoka doa jeupe lisilo hata na unyoya. Kamera yangu ndiyo hiyo hiyo ninayopigia harusi, na lenzi ya milimita 300 yatosha. Mwenye simu aachane na ndege wa mbali, ageukie maua, au ndege aitwaye fundichuma anayezurura karibu na wavuvi akivizia samaki.

Anza na mdiria, yule wa madoa meusi na meupe. Husimama hewani juu ya maji akipigapiga mbawa, mdomo chini, mwili wote ukitikisika isipokuwa kichwa. Lenga jicho. Weka kasi ya shata, ule mlango wa mwanga ndani ya kamera, iwe 1/2000 ya sekunde au upesi zaidi, kamera ipige mfululizo. Kama bado kuna kiza, pandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, bila huruma: picha ya chembechembe ina faida, iliyotikisika haina. Akizama, usihangaike kumfuata. Wengi humkimbiza, wakarudi na picha za maji matupu. Elekeza lenzi kwenye kijiti alichoondokea, maana mara nyingi atarudi hapo na samaki, ampigize kijitini mara kadhaa ndipo ammeze. Picha iko hapo.

Ukikodi boti, mwombe mwenyewe azime injini mapema, boti isukumwe na upepo. Na kiota cha kwera kikizibwa na majani, yaache. Kuyakata ni kumwonyesha kipanga njia.

Sasa ubeti wa kuambatana na picha. Mimi hutumia umbo la utenzi: mishororo minne ya mizani (silabi) nane, mitatu ya kwanza ina kina kimoja, yaani sauti moja ya mwisho, wa nne una chake. Sharti langu ni kwamba kilichomo kwenye picha hakirudiwi kwenye ubeti. Chukua ua la gugumaji, lile gugu lililotoka Amerika Kusini likatuvamia ziwani. Ukilisogelea utaona petali ya juu ina doa la manjano katikati ya zambarau, na kwa kweli ni ua la kupendeza, ingawa ukisema hivyo mbele ya wavuvi watakucheka. Anayeanza ataandika “Ua zuri la zambarau”. Kwanza hiyo ni mizani tisa. Pili, zambarau tumeshaiona! Andika “Laziba njia ya boti”: mizani nane kamili, na jambo ambalo picha ya ua haiwezi kusema.

Kwa tiva wa mafunjo sharti hilo linakuwa msaada mkubwa. Huyu ana kifua chekundu na utosi wa manjano, lakini hujificha ndani ya mafunjo, na siku nyingi utaambulia sauti tu. Dume na jike huitana kwa kupokezana, upesi kiasi cha kudhani ni ndege mmoja. Usimchezee sauti yake kwenye simu ili atoke. Atadhani mgeni kamvamia, aache kula aje kupigana na spika. Keti, sikiliza, andika:

Mmoja akisikika,
na mwenziwe huitika;
mafunjo yakitingika,
jua siye, ni upepo.

Mshororo wa mwisho ni ushauri wa kamera pia. Usipige kila jani linalotikisika, utamaliza betri bure.

Andika ungali ufukweni, hata kwenye simu, ukihesabu mizani kwa vidole. Ukisubiri ufike nyumbani utaanza kubuni sauti ambazo hukuzisikia. Na mwenye boti ukimpiga picha, mtumie siku hiyo hiyo. Wiki ijayo utamwomba tena azime injini.