Kupima mkono unaokufa ganzi: kila kipimo kinakamata nini na kinakosa nini

Kabla ya kumgusa mgonjwa, mpe kalamu achore mwenyewe, kwenye picha ya mkono, mahali ganzi inapokaa. Tunatafuta neva ya midiani iliyobanwa kwenye mfereji wa kifundo cha mkono. Neva hiyo inahudumia gumba, kidole cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete. Kidole cha mwisho hakimo. Akisema ganzi humwamsha usiku mpaka akung'ute mkono, hiyo ni fununu nzuri sana.

Anza na kubana. Mkono ulale mezani, kiganja kikitazama juu, kifundo kimenyooka. Weka vidole gumba vyako mbele kidogo ya mkunjo wa kifundo ulio karibu na kiganja, katikati ya minofu miwili, wa chini ya gumba na wa chini ya kidole cha mwisho, ubane kwa sekunde 30. Wengi hukosea kwa kubana juu ya mkunjo huo, kuelekea kiwiko. Hapo hujaufikia mfereji. Usimtajie jibu pia. Ukiuliza "unasikia ganzi kwenye gumba?" atakubali ili akuridhishe. Uliza: "Unasikia nini, na wapi?"

Kipimo cha Phalen: viwiko vikae mezani, mikono ya mbele isimame wima, viganja vianguke vyenyewe kwa sekunde 60. Kiwiko kisikunjwe sana, maana utaibana neva ya ulna, ile inayohudumia kidole cha mwisho, na kidole hicho kitakuchanganya. Maumivu ya kifundo peke yake hayahesabiwi. Tunatafuta ganzi au mchomo wa sindano kwenye vidole vya midiani.

Cha Tinel ni kugonga polepole juu ya mfereji. Mshtuko lazima ukimbilie vidoleni. Ukigonga kwa nguvu, hata neva isiyo na tatizo itaruka.

Mwaka 1991 daktari Durkan alilinganisha vipimo hivi vitatu. Kati ya mikono yenye neva iliyobanwa, kubana kulikamata asilimia 87, Phalen asilimia 70, Tinel asilimia 56. Kati ya isiyo na tatizo, viliitambua kuwa salama asilimia 90, 84 na 80 kwa mpangilio huohuo. Kwa hiyo Tinel ikikaa kimya haijaondoa chochote: karibu nusu ya wagonjwa huipita bila kukamatwa. Na usitarajie namba nzuri hivyo kliniki, ambako kila anayeingia ana mkono unaouma kwa sababu yake, shingo ikiwemo.

Ganzi ikiwa kwenye kidole cha mwisho, hamia kwenye kiwiko kupima neva ya ulna: kikunje chote na ubonyeze nyuma ya mfupa wa ndani kwa sekunde 60.

Mwisho, tazama mnofu wa chini ya gumba kwenye mikono yote miwili. Kisha gumba lielekee juu, ulisukume kushuka huku akikuzuia. Neva iliyobanwa miaka mingi huweza kunyamaza kwenye vipimo vyote vya kuichokoza, ilhali mnofu umekwisha bonyea. Huyo apelekwe kupimwa mwendo wa umeme wa neva na kuonwa na daktari wa upasuaji bila kusubiri.