Kurekebisha Faili za Video za Zamani kabla ya Kuzichoma kwenye DVD

Faili nyingi za harusi na sherehe za miaka ya 2000 hupoteza ubora mikononi mwa yule anayejaribu kuziokoa, kwa kuwa huzibadilisha aina mara mbili au tatu, na kila badiliko hufuta sehemu ya picha isiyoweza kurudishwa. Kwa hiyo ukarabati ufanyike kwanza bila kuigusa picha, kisha picha ibadilishwe mara moja tu, wakati wa kuitayarisha kwa DVD. Fanya kazi yote kwenye nakala.

Tuanze na AVI, aina ya faili ya video iliyozoeleka kwenye kompyuta za zamani. Katika faili hizi, faharasa inayoonyesha kila fremu ilipo kwa kawaida huandikwa mwishoni, hivyo umeme ukikatika wakati wa kurekodi, au fleshi ikichomolewa kabla ya kunakili kukamilika, faharasa hupotea ingawa picha karibu zote zingalipo. Utaitambua hali hiyo pale video inapoanza kucheza vizuri lakini inakataa kusogezwa mbele. Programu ya VLC inaweza kukuuliza kama iitengeneze faharasa hiyo, lakini matengenezo yake ni ya kutazamia tu, na faili yenyewe hubaki mbovu vilevile. Ili kuirekebisha kabisa, tumia FFmpeg, programu ya bure inayoendeshwa kwa kuandika maagizo kwenye dirisha la amri la kompyuta:

ffmpeg -i harusi.avi -c copy harusi2.avi

Agizo la "-c copy" huhamisha picha na sauti kama zilivyo na kuandika faharasa mpya. Kwa MP4 ya simu iliyozimika katikati ya kurekodi, njia hii haifai kitu, kwa sababu jedwali linalokosekana ndilo linaloeleza muundo wa faili nzima. Hapo jaribu programu ya untrunc, ambayo huhitaji video nyingine nzima iliyorekodiwa na simu ileile kwa mipangilio ileile.

Ikiwa faili imerekebishika, itayarishe kwa DVD. Kwa mfumo wa televisheni wa PAL, uliotumiwa Tanzania na Kenya, picha huwa ya MPEG-2 (namna ya kubana video), nukta 720 kwa 576, fremu 25 kwa sekunde, na sauti ya kilohezi 48. Video iliyoletwa na ndugu kutoka Marekani ikiwa na fremu 29.97, iache katika NTSC, mfumo wa televisheni wa huko, kwa kuandika ntsc-dvd badala ya pal-dvd katika agizo lifuatalo, maana deki nyingi za PAL huisoma, ilhali kuibadilisha kasi huifanya picha irukeruke.

ffmpeg -i harusi2.avi -target pal-dvd -aspect 4:3 -b:v 4700k -b:a 192k -af aresample=async=1 harusi.mpg

Kipimo cha 4700k kinatokana na hesabu: gigabaiti 4.7 za diski zikigawanywa kwa dakika 120 hutoa takriban kilobiti 5,200 kwa sekunde, nasi tunaacha nafasi ya sauti na menyu. Video ikiwa fupi, kipimo kinaweza kupandishwa hadi 8000k, ingawa picha ndogo ya simu ya zamani haitapendeza zaidi kwa hilo. Sehemu ya aresample husaidia pale sauti inapoachana na midomo kidogo kidogo.

CD za video zina bahati yao. Faili ya AVSEQ01.DAT, iliyomo katika folda ya MPEGAV, ina picha ya MPEG-1 ya nukta 352 kwa 288, ambayo DVD huikubali kama ilivyo, na kinachogoma ni sauti tu, kwa kuwa ni ya kilohezi 44.1. Basi badilisha sauti peke yake:

ffmpeg -i AVSEQ01.DAT -c:v copy -c:a ac3 -b:a 192k -ar 48000 -f dvd harusi.mpg

Kwa njia hii CD tano huenea katika DVD moja.

Hatimaye ingiza faili za MPG katika DVDStyler, programu ya kutengeneza DVD, ambayo itaunda folda ya VIDEO_TS. Kuburuta MPG na kuitupa kwenye diski hakutoshi, kwani deki nyingi huitafuta folda hiyo. Choma kwa kasi ndogo, 4x au 8x, kisha ijaribu diski kwenye deki na uende moja kwa moja hadi dakika za mwisho, kwa sababu uchomaji huanzia katikati kuelekea ukingoni, na ukingoni ndiko makosa hujitokeza zaidi.